Daraja la Mtandao: Neno, Kitu, na Namna ya Kukijenga

I. Neno

Neno daraja katika Kiswahili halina maana moja. Limetokana na Kiarabu, na asili ya maana yake ni kipago cha ngazi. Waswahili wamelitumia kwa ngazi ya mawe. Wamelitumia kwa cheo, kama isemwapo kuwa mtu amepandishwa daraja. Na wamelitumia kwa njia ijengwayo juu ya mto au bonde ili apitaye asitote wala asianguke. Kwa mavukio madogo lugha ina maneno mengine: gogo lililolazwa juu ya kijito huitwa ulalo, na mahali pa kuvukia, kwa miguu au kwa chombo, huitwa kivuko. Siku hizi daraja limeongezewa maana ambayo haimo katika kamusi za zamani. Ni jina la kifaa, au sehemu ya programu, kinachounganisha vipande viwili au zaidi vya mtandao wa kompyuta hata vikawa kama kipande kimoja.

Maana hiyo mpya ndiyo inayochunguzwa katika makala haya. Yafaa ichunguzwe kwa sababu jina la kitu ni kiongozi wa akili. Likiongoza vema, fundi hufika. Likiongoza vibaya, fundi hupotea, na pamoja naye hupotea kazi ya watu wote waliomtegemea. Itaonekana hapa chini kwamba kosa lililo la kawaida kuliko yote katika ujenzi wa daraja la mtandao ni kosa ambalo neno lenyewe hulichochea. Lakini neno haliwezi kupimwa kabla kitu chenyewe hakijajulikana. Kwa hiyo yatatangulia maelezo ya kitu, kisha ujenzi wake katika mfumo wa uendeshaji wa Linux, na hukumu ya neno itakuja mwisho.

II. Etheneti na fremu zake

Etheneti ni namna ya kupeleka habari kati ya kompyuta zilizo karibu, kama zile za ofisi moja au jengo moja. Ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe, akisaidiana na David Boggs, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California. Jina lake lilitokana na etha, kitu ambacho wataalamu wa fizikia wa karne ya 19 walidhani kimeenea kila mahali na kuchukua mwanga. Fizikia ilikwisha kuiacha etha, lakini jina likafaa kwa waya mmoja uliopita katika kila chumba na kubeba sauti ya kila kompyuta. Kanuni za Etheneti zilikubaliwa rasmi na chama cha wahandisi kiitwacho IEEE mwaka 1983, kwa namba 802.3.

Habari haipiti katika Etheneti kama maji katika mfereji, bali hukatwa vipande, na kila kipande huitwa fremu. Fremu ni kama barua iliyotiwa katika bahasha. Mbele kabisa imeandikwa anwani ya apelekewaye, baiti 6. Kisha anwani ya apelekaye, baiti 6. Kisha alama ya baiti 2 isemayo ndani mna habari ya namna gani. Kisha habari yenyewe, ambayo kwa kawaida haipungui baiti 46 wala haizidi baiti 1500. Na mwisho baiti 4 za kuhakikisha kwamba njiani hakuna kilichoharibika. Anwani hizo si zile ambazo msimamizi wa mtandao huzigawa kwa hiari yake. Ni anwani za maunzi: kila mlango wa Etheneti hutoka kiwandani ukiwa na anwani yake ya biti 48, na nusu ya kwanza ya biti hizo humtambulisha mtengenezaji.

Iko pia anwani moja ambayo si ya mtu, ni ya wote. Fremu iliyoandikwa anwani hiyo lazima ipokelewe na kila kompyuta iliyomo katika mtandao. Kiswahili hakina haja ya kuazima jina la fremu ya namna hii, kwa kuwa mbiu imekuwapo tangu kale: ilipolia, kila aliyesikia alijua kwamba analo jambo la kusikiliza. Basi fremu hiyo itaitwa hapa fremu ya mbiu.

III. Kazi ya daraja

Daraja la Etheneti lina milango miwili au zaidi, na kila mlango umeunganishwa na kipande kimoja cha mtandao. Kazi yake yaweza kufananishwa na kazi ya bawabu mwenye daftari. Kila fremu inapoingia, bawabu hutazama kwanza anwani ya apelekaye, akaandika katika daftari lake kwamba mwenye anwani hii yuko upande wa mlango huu. Kisha hutazama anwani ya apelekewaye na kufanya moja ya mambo matatu. Ikiwa daftari lasema kwamba anayetafutwa yuko upande wa mlango mwingine, fremu hutolewa kwa mlango huo peke yake. Ikiwa lasema kwamba yuko upande ule ule fremu ilikotoka, fremu huachwa, kwa maana imekwisha kufika. Na ikiwa daftari halina habari, au ikiwa fremu ni ya mbiu, fremu hutolewa kwa milango yote isipokuwa ule ulioingilia.

Mathalan, kompyuta ya karani iko upande wa mlango wa kwanza, na kompyuta ya mhasibu na mashine ya kuchapa ziko upande wa mlango wa pili. Karani anapomwandikia mhasibu kwa mara ya kwanza, daraja humwandika karani katika mlango wa kwanza, na kwa kuwa halimjui mhasibu, huitoa fremu kwa milango mingine yote. Mhasibu anapojibu, daraja humwandika katika mlango wa pili, na jibu hupelekwa kwa mlango wa kwanza tu. Tangu hapo wawili hao huzungumza bila kuwasumbua wengine. Na mhasibu anapoipelekea mashine ya kuchapa kazi, daraja hunyamaza, kwa sababu wote wawili wako upande mmoja. Hapana aliyelifundisha daraja mambo haya. Limejifunza lenyewe kwa kutazama wapitao. Lakini halikariri milele. Katika Linux, jina ambalo halikuonekana kwa sekunde 300 hufutwa daftarini, isipokuwa msimamizi ameamuru muda mwingine, ili kompyuta ikihamishwa chumba isitafutwe ilikokuwa jana.

Hapana budi daraja litofautishwe na ruta. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, launganisha pande mbili za mji mmoja wa Dar es Salaam, na avukaye hatoki nchini mwake. Namanga ni mpaka wa nchi mbili; afikaye hapo hutoa hati zake, zikasomwa, zikapigwa muhuri, ndipo akapita. Ruta ni Namanga. Huifungua bahasha, huisoma anwani ya intaneti iliyo ndani, hupunguza kwa moja hesabu ya safari iliyobaki, kisha huifunga habari ile katika bahasha mpya kwa safari ya mbele. Daraja halifungui bahasha. Fremu hutoka upande wa pili ikiwa na anwani zile zile ilizoingia nazo, wala mpelekaji na mpokeaji hawana habari kwamba kati yao pana daraja.

IV. Ujenzi katika Linux

Daraja laweza kuwa kifaa cha peke yake. Swichi iuzwayo madukani ni daraja lenye milango mingi. Laweza pia kujengwa ndani ya kompyuta yoyote yenye milango miwili ya Etheneti, maadamu mfumo wake wa uendeshaji una programu ya kazi hiyo. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha huko Helsinki mwaka 1991, inayo programu hiyo ndani ya kiini chake. Iliandikwa kwanza na Lennert Buytenhek, na wengine wengi wameiendeleza.

Kabla ya kuamuru lolote, fundi hana budi kuyajua majina ya milango. Zamani Linux iliita milango eth0, eth1 na kadhalika, kwa jinsi ilivyoonekana mashine ilipokuwa ikiwaka, na mpangilio huo uliweza kugeuka. Tangu mwaka 2013 mifumo mingi imefuata utaratibu wa kutoa jina kwa mahali kifaa kilipo. Jina kama enp1s0 ladhaniwa na wengi kuwa ni herufi tupu, lakini kwa mwanafunzi wa sarufi ni neno lenye viambishi: en ni Etheneti, p1 ni basi ya PCI yenye namba 1, na s0 ni tundu namba 0 katika basi hiyo. Kama vile neno walimwona lisivyoeleweka mpaka limekatwa wa-li-mw-on-a, ndivyo na jina hili.

Amri ya kwanza huliumba daraja na kulipa jina:

(1) ip link add name br0 type bridge

Amri hii ni sentensi, na mpangilio wake wafaa kuangaliwa. Neno la kwanza ni jina la chombo kinachotumwa. La pili, link, ni kitu kitendewacho, yaani kiungo. La tatu, add, ndicho kitendo: ongeza. Yanayofuata ni maelezo: jina lake br0, namna yake daraja. Kitendwa kimetangulia kitendo. Kiswahili cha kawaida husema ongeza kiungo, lakini msemaji atakaye kukitaja kitu kwanza husema kiungo, kiongeze. Na huo ndio mwendo wa amri hizi zote. Mwanafunzi akiambiwa hivyo, hatazikariri kama hirizi, atazisoma.

Daraja limekwisha kuwako, lakini halina mlango hata mmoja. Amri za pili huitia milango chini yake:

(2) ip link set dev enp1s0 master br0
    ip link set dev enp2s0 master br0

Neno master hapa lasema kwamba mlango huo sasa uko chini ya mwingine. Maandishi ya zamani ya kiini cha Linux yalikamilisha mfano huo kwa kuuita mlango mtumwa. Mtafsiri wa Kiswahili halazimiki kumfuata mwandishi wa kigeni katika hilo. Lugha iliyosemwa Zanzibar na Bagamoyo katika miaka ya biashara ya watu haiwezi kulichukua neno mtumwa kwa wepesi, wala hapana faida ya maana itokayo kwalo. Yatosha kusema kwamba mlango umetiwa chini ya daraja.

Tangu dakika hiyo tabia ya mlango hubadilika. Kwa desturi mlango wa Etheneti huziacha fremu zisizo zake wala za mbiu. Ukiisha kutiwa chini ya daraja, hupokea kila fremu ipitayo, hata isiyoandikiwa mashine hiyo, kwa maana bawabu hawezi kuamua juu ya barua asiyoiona. Kisha milango na daraja huwashwa:

(3) ip link set dev enp1s0 up
    ip link set dev enp2s0 up
    ip link set dev br0 up

Na fundi mwenye hadhari huhakikisha:

(4) bridge link
    bridge fdb show br br0

Amri ya kwanza katika hizi mbili huonyesha kila mlango na hali yake. Neno forwarding lina maana kwamba mlango wapitisha fremu. Ya pili hufungua daftari la bawabu, ikaonyesha kila anwani iliyojulikana na mlango wake. Ikiwa daftari laonyesha anwani za upande mmoja tu, yafaa waya wa upande wa pili utazamwe kabla ya kulaumu programu.

V. Anwani ya daraja

Hapa ndipo panapotokea lile kosa lililotajwa mwanzoni. Mara nyingi kompyuta inayofanywa daraja ilikuwa na kazi nyingine tangu zamani, na mlango wake mmoja, tuseme enp1s0, ulikuwa na anwani ya intaneti. Fundi hutoa amri za kwanza mpaka za tatu, akaiacha anwani pale ilipokuwa. Kompyuta za pande mbili zazungumza bila taabu, lakini mashine iliyo daraja haifikiki tena.

Sababu yake ni hii. Mlango ukiisha kutiwa chini ya daraja, kila fremu iingiayo kwa mlango huo hukabidhiwa kwa daraja kabla ya sehemu nyingine ya kiini kuiona. Iwapo fremu hiyo ni ya mashine yenyewe, daraja huipeleka juu, lakini huipeleka kwa jina la br0, si kwa jina la enp1s0. Basi mashine huuliza kwa mlango wa enp1s0 ni nani mwenye anwani fulani, na jibu huonekana limeingia kwa br0. Aliyeuliza hapati jibu, na aliyepata jibu hakuuliza.

Dawa yake ni kuiondoa anwani kwenye mlango na kuitia kwenye daraja:

(5) ip addr flush dev enp1s0
    ip addr add 192.168.10.5/24 dev br0
    ip route add default via 192.168.10.1

Kwa nini kosa hili hurudiwa? Kwa sababu neno daraja humwambia asikiaye kwamba hapa ni mahali pa kupita, wala si pa kukaa. Hapana mtu mwenye nyumba juu ya daraja. Mwenye nyumba hukaa ng'ambo hii au ng'ambo ile. Fundi aliyeshika picha hiyo hawezi kufikiri kwamba daraja laweza kuwa na anwani. Lakini katika Linux br0 ni vitu viwili kwa jina moja. Ni daraja liunganishalo milango, na pia ni mlango ambao kwao mashine yenyewe huingia katika mtandao. Picha iliyo sahihi zaidi ni ya baraza: wapitao hupita mbele yake, na mwenye nyumba naye huketi hapo hapo, ndipo apatikanapo.

Kuna hatari nyingine inayoambatana na hii. Fundi huweza kuwa mbali na mashine, akiiongoza kupitia mlango ule ule anaoubadili. Amri ya kuiondoa anwani ikiisha kutekelezwa, mazungumzo yake hukatika, na amri ya pili haifiki kamwe. Amefunga mlango na ufunguo umebaki ndani. Ikiwa mashine iko mkoa mwingine, kosa la sekunde moja hugharimu safari ya siku nzima. Salama iko katika jambo moja la asili ya amri hizi: zote hukaa katika kumbukumbu ya muda, na mashine ikizimwa na kuwashwa hupotea, yakarudi yale yaliyoandikwa katika faili. Kwa hiyo mwenye busara huiamuru mashine kwanza ijiwashe upya baada ya dakika 10, kwa amri shutdown -r +10, kisha hufanya kazi yake. Akifaulu, huitangua kwa shutdown -c. Asipofaulu, hungoja, na mashine hujirudisha yenyewe katika hali ya kwanza.

Daraja likiisha kuthibitika, ndipo huandikwa katika faili ili lidumu. Katika Debian, palipo na kifurushi cha bridge-utils, maandishi ya kutia katika faili /etc/network/interfaces ni haya:

(6) iface enp1s0 inet manual
    iface enp2s0 inet manual
    auto br0
    iface br0 inet static
        address 192.168.10.5/24
        gateway 192.168.10.1
        bridge_ports enp1s0 enp2s0
        bridge_stp on

Maandishi ya zamani yaliyoupa mlango wa enp1s0 anwani hayana budi kufutwa, ama sivyo kosa lile lile litafufuka siku mashine itakapowashwa.

VI. Duara na mti

Mstari wa mwisho katika mfano wa sita wahusu balaa kubwa kuliko zote. Imetajwa kwamba ruta hupunguza hesabu ya safari, na hesabu ikifika sifuri, habari hutupwa. Fremu ya Etheneti haina hesabu hiyo. Katika baiti zake zote hapana hata moja isemayo imepita mara ngapi wala ife lini. Maadamu mtandao hauna duara, hapana dhara. Lakini mtu akiunganisha madaraja mawili kwa nyaya mbili, ama kwa kusahau au kwa kutaka akiba, fremu ya mbiu hutoka kwa waya mmoja, ikarudi kwa waya wa pili, ikatolewa tena. Nayo haizunguki peke yake. Kila pazungukwapo nakala hutolewa kwa milango mingine yote. Kwa muda mfupi sana nyaya zote hujaa mbiu isiyo na mpigaji, na habari za watu hukosa nafasi. Hali hiyo yafaa kuitwa tufani ya mbiu.

Aliyeliondoa tatizo hili ni Radia Perlman, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation mwaka 1985. Alitaka nyaya za akiba ziwepo, lakini duara lisiwepo. Katika utaratibu wake madaraja hupelekeana salamu na kumchagua mmoja awe shina: mwenye kitambulisho kidogo kuliko wote. Kila daraja lingine hutafuta njia iliyo nafuu ya kulifikia shina, na milango isiyo katika njia hizo hufungwa. Kinachobaki ni mti, na mti hauna duara: kutoka jani moja hadi jingine iko njia moja tu. Waya wa njia hiyo ukikatika, salamu hukoma, na mlango uliofungwa hufunguliwa. Wasomi wa fasihi hawatachukizwa kusikia kwamba Perlman aliueleza utaratibu huo kwa shairi vilevile, akaliita Algorhyme. Utaratibu wenyewe ulitiwa katika kanuni za IEEE mwaka 1990, kwa namba 802.1D.

Katika Linux utaratibu wa mti haufanyi kazi mpaka uamriwe:

(7) ip link set dev br0 type bridge stp_state 1

Ukiisha kuamriwa, mlango haupitishi fremu papo hapo. Kwa kawaida husikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo ukapitisha. Fundi asiyelijua hilo hudhani ameharibu, akaanza kugeuza yaliyo sawa. Nusu dakika ya subira ni sehemu ya kazi.

Lakini mti nao una kimo chake. Mwezi wa Novemba 2002 hospitali moja kubwa ya Boston, huko Marekani, ilipotewa na mtandao wake kwa siku kadhaa. Mtandao huo ulikuwa umekua kwa kuongezwa daraja juu ya daraja, mpaka mti ukapita kiasi ambacho utaratibu uliweza kuutunza. Na siku moja mzigo mkubwa wa habari ulipopita, mti ukavunjika, na tufani ikaingia. Waganga na wauguzi walirudia karatasi, na matarishi walichukua majibu ya vipimo kwa mkono. Tukio hilo huonyesha kwamba daraja huunganisha mema na mabaya pamoja: pande mbili zikiisha kuwa kipande kimoja, ugonjwa wa upande mmoja ni ugonjwa wa pili. Palipo na watu wengi, ruta katikati ni kama ukuta baina ya nyumba mbili. Moto wa jirani hukoma hapo.

VII. Mipaka ya daraja

Si kila mlango ukubalio kutiwa chini ya daraja. Kompyuta iliyojiunga na mtandao usio na waya kama mteja wa kawaida hairuhusiwi kupeleka fremu kwa jina la mwingine. Kituo kilichompokea kinamjua yeye peke yake. Daraja hupeleka fremu za wengine kwa majina yao, na kwa hiyo jaribio la kuunganisha mlango wa Etheneti na mlango wa namna hiyo aghalabu hushindwa. Mahali kama hapo hutakiwa ruta.

Pia yafaa ikumbukwe kwamba mashine igawayo anwani upande mmoja itazigawa upande wa pili vilevile. Zikiwa mbili, moja kila upande, siku ya kuunganishwa zitashindana, na kompyuta nyingine zitapewa anwani zisizofaa. Kinyume chake, iko kazi ambamo tabia hii ndiyo itakiwayo. Hivi leo mashine moja yenye nguvu huweza kuchukua ndani yake kompyuta nyingi za kubuni, na kila moja hupewa mlango wa kubuni uliotiwa chini ya br0. Daraja huzitoa nje pamoja na mlango wa kweli, na kwa wengine huonekana kama kompyuta kamili zilizomo chumbani.

VIII. Hukumu ya neno

Je, neno daraja lifaa? Lifaa kwa mambo mawili. Lasema kwamba pande mbili zimeunganishwa, na lasema kwamba apitaye hageuzwi. Halifai kwa jambo moja: lamficha fundi kwamba kitu hicho ni makazi vilevile. Kulibadili neno lililokwisha kuenea hakuna faida. Ulalo ni gogo moja tu, na kivuko chaweza kudhaniwa kuwa ni ruta. Lililo jema ni kulizungushia maneno ya kulilinda. Yapendekezwa kwamba kila kitengwacho kwa waya kiitwe mlango, badala ya kiolesura, neno ambalo lahusu zaidi sura ambayo programu humwonyesha mtumiaji. Kwamba orodha ya anwani iitwe daftari la daraja. Kwamba fremu ya wote iitwe fremu ya mbiu, na msukosuko wake tufani ya mbiu. Na kwamba br0, itajwapo kama mahali pa anwani, iitwe mlango wa daraja. Mwalimu atakayesema anwani hutiwa kwenye mlango wa daraja atakuwa amelizuia kosa kabla halijatendwa.

Kazi ya kuisemesha kompyuta Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na watafsiri wake walilazimika kuamua juu ya mamia ya maneno ya namna hii. Programu hizo zilikuwa za karani na mwandishi. Chini yake iko lugha ya fundi, ya milango, fremu na madaraja, na huko bado maneno mengi husemwa kwa kukisiwa. Wenye kamusi wanayo sababu ya kuketi na mafundi, wakalitazama kila neno pamoja na kitu chake, kwa kuwa neno likikosewa katika kamusi husahihishwa katika chapa ya pili. Lakini likikosewa mbele ya mashine iliyo mkoa mwingine, husahihishwa kwa nauli ya basi.